Mwenyekiti wa Sikoseli

Siku Bakili Mtulia alipoamua kuwapenda watoto wagonjwa, alikuwa amekaa katika hoteli moja ya Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, anakunywa chai isiyo na sukari. Haikuwa na sukari kwa sababu nchi nzima haikuwa na sukari. Ilikuwa miaka ile ambayo mtu akiona foleni alijipanga kwanza, halafu ndipo akauliza kinachouzwa. Aliyepata kipande cha sabuni alioga mlango wazi ili majirani wasikie harufu. Wenye bidhaa waliuzia chini ya meza, na wasio na bidhaa, kama Bakili, waliuza maneno.

Maneno alikuwa nayo ya kutosha kusafirisha nje. Alikuwa mtu mrefu, ana suti moja ya kijivu ya mtindo wa Kichina wa Chou En-lai aliyoilaza chini ya godoro kila siku ili inyooke, na sauti ya mtu ambaye ametoka mkutanoni sasa hivi na baada ya hapa ana mkutano mwingine. Aliwahi kumuuzia mwalimu mmoja kiwanja kizuri sana, ambacho kilikuja kuonekana wakati wa kiangazi tu, maana masika kilikuwa ndani ya Mto Msimbazi. Aliwahi pia kuwauzia wageni kutoka bara nafasi ya mbele kwenye foleni ya mafuta ya taa, ambayo walipofika mbele waligundua ni foleni ya kutoa pole msibani. Walitoa pole.

Asubuhi hiyo redio ya hotelini ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Serikali, ikasema, imetenga fungu la ruzuku kwa vikundi vya wananchi vitakavyowahudumia watoto wenye ugonjwa wa sikoseli. Kikundi chenye nyumba, wagonjwa na michango yake chenyewe, serikali itakiongezea.

Wateja wengine waliendelea kuilaani chai. Bakili aliacha kikombe hewani.

"Umesikia?" alimwuliza Nassibu, aliyekuwa amekaa mbele yake. Nassibu alikuwa rafiki na mshirika wake katika kila shauri, mtu mnene mwenye kitambi cha kiofisa. Kitambi hicho ndicho kilikuwa mtaji wake.

"Nimesikia," alisema Nassibu. "Siko seli. Hata mimi siko seli, namshukuru Mungu. Nilitoka Januari."

"Ni ugonjwa, bwana."

"Ugonjwa wa nini?"

"Sijui wa nini. Mimi nimesikia ruzuku."

Nassibu akaweka kikombe chini kwa heshima. Bakili akamweleza, taratibu, kama anayemfundisha mtu kusali. Kuipata ruzuku yenyewe ni kazi ya kipumbavu. Kuna mihuri, kuna wakaguzi, na wizi wa mali ya umma unamweka mtu ndani mpaka anasahau njia ya kwao. Wao hawataigusa senti ya serikali. Wataanzisha kikundi, na watawauzia matajiri nafasi ya kuwa ndani yake. Matajiri wakishatoa michango, kikundi kitapata ajali ya kutoweka.

"Na watoto wagonjwa?" aliuliza Nassibu.

"Watoto ni wa serikali," alisema Bakili. "Sisi tuna moyo wa kujitolea tu."

Akaanzia Mchafukoge, kwa Girish, mwenye duka ambalo zamani lilijaa vyombo vya kila namna. Siku hizo rafu zilikuwa na kufuli na chupa za siki.

"Ndugu Girish, biashara inakwendaje?"

"Nauza kufuli," alisema Girish. "Watu hawana kitu cha kufungia ndani. Unadhani inakwendaje?"

Bakili akavuta kiti bila kukaribishwa, akashusha sauti. Akaeleza habari ya ruzuku, habari ya watoto, habari ya uchungu alionao moyoni. Girish alisikiliza huku anapangusa kufuli. Ndipo Bakili akaingia penyewe.

"Lakini ruzuku si pesa tu, ndugu yangu. Mtoto wa sikoseli anahitaji nini? Joto. Maana yake blanketi. Anahitaji nguvu. Maana yake maziwa ya unga, sukari. Vitu hivyo viko wapi?"

"Havipo."

"Viko nje. Na kuviagiza kutoka nje kunahitaji nini?"

Girish aliacha kupangusa. "Kibali," alinong'ona, kwa sauti ambayo wengine huitumia kumtaja mchumba.

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

"Kwani mtoto mmoja anaweza kula magunia mangapi ya sukari?"

"Inategemea mtoto."

"Na yakibaki?"

"Ndugu Girish," alisema Bakili, akionekana kuumia, "mimi si mfanyabiashara. Sijui vinavyobaki huwa vinakwenda wapi." Kisha, kama aliyekumbuka jambo dogo, akaongeza kwamba gari la wagonjwa halihusiki na ile marufuku ya serikali ya kuendesha magari Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Girish akaliangalia Peugeot lake nje ya mlango, ambalo kila Jumapili mchana lilikaa pale kama mzee mwenye baridi yabisi. Macho yakamlegea.

Mkewe, Jasvanti, alikuwa nyuma ya pazia anachambua mchele, na kwa bahati mbaya alikuwa na masikio. "Mwulize ugonjwa wenyewe ukoje," alisema.

"Ni mkali sana, mama," alisema Bakili.

"Unashika wapi?"

"Unashika... mtoto mzima."

"Jasvanti," alisema Girish, "mwache mtu aongee."

Baada ya hapo Shomari alikuwa kazi nyepesi. Huyu alikuwa balozi wa nyumba kumi, mwenye nyumba kubwa Mtaa wa Mkunguni. Katika mikutano ya mtaa hakuna aliyewatukana walanguzi kama yeye, na chini ya kitanda chake hakuna aliyekuwa na sukari kama yeye. Alisita kwa ajili ya uzalendo, mpaka alipotajiwa bei ya blanketi. Hapo uzalendo ukapata nafasi ya kupumua, naye akatoa chumba chake cha mbele kiwe zahanati. Yeye na Girish walitoa fedha kidogo ya kishika nafasi. Mchango mkubwa, walisema, watautoa mbele ya ofisa wa wizara, wakiwaona wagonjwa kwa macho yao. Walikuwa na tamaa, lakini hawakuwa watoto wadogo.

Bakili hakuona tatizo. Ofisa alikuwapo tayari, kitambi na vyote. Nassibu atakuja Jumamosi asubuhi kukagua, atalichukua sanduku la michango aende nalo wizarani likapigwe muhuri, kisha wakutane Magogoni, wapande kivuko, na wakishafika Kigamboni dunia ni pana. Walichokosa ni wagonjwa.

Magomeni alimjua mwanamke mmoja, Siwema, mpika vitumbua, ambaye siku moja alimfukuza mgambo kwa mwiko wa moto na mgambo akaomba radhi. Bakili alimpenda kwa sifa hiyo. Alimkuta kwenye jiko lake nje ya nyumba.

"Mama, nina kazi ndogo ya malipo. Nahitaji watoto wanaoonekana wagonjwa. Wakae tu kwenye mkeka, wasicheke."

"Wagonjwa wa nini?"

"Sikoseli."

Siwema alikuwa anageuza kitumbua. Aliacha mkono palepale mpaka kitumbua kikaanza kutoa moshi.

"Wewe unaijua sikoseli?"

"Ndiyo kazi yangu. Mimi ni mwenyekiti."

"Nitakuletea," alisema Siwema.

"Uwafundishe kujikunja kidogo, kama watu wenye maumivu."

"Hao hawahitaji kufundishwa."

Bakili alidhani anapandisha bei, akamwongezea.

Siku ya mazoezi kina mama walifika Mkunguni wakiwa na watoto mgongoni na mkononi. Bakili aliwakagua kwa furaha. Wembamba, macho ya manjano, matumbo mbele: Siwema alikuwa amechagua kama mtu anayejua soko. Kati yao kulikuwa na binti yake mwenyewe, Zamda, mtoto wa kama miaka tisa mwenye miguu kama fito na mdomo usiopumzika.

"Wewe ndiye daktari?" alimwuliza Bakili.

"Mimi ni mwenyekiti."

"Unatibu nini?"

"Mwenyekiti hatibu. Mwenyekiti anakaa. Haya, hebu jikunje tuone."

"Nijikunje kama mgongo ndio unauma, au mkono?" aliuliza Zamda. "Mkono ni hivi. Mgongo ni hivi. Kifua huwezi kujikunja, unakaa hivi, halafu husemi." Akaonyesha yote, moja baada ya lingine, kama muuza vitambaa anavyokunjua majora. Bakili alisema yote ni mazuri, ila asicheke. Zamda akacheka.

Wakaendelea na mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha ofisa. Katikati ya ubeti wa pili Bakili alimwona Zamda amejilaza kwenye mkeka, magoti yamegusa kidevu, jasho linamtoka, mdomo uko wazi na haitoki sauti. Alivutiwa mno.

"Safi kabisa!" alipiga makofi. "Hivyo hivyo! Mnamwona mwenzenu?"

Alipiga makofi mpaka Siwema alipompita mbio, akampiga kikumbo karibu aanguke, akaenda kupiga magoti mkekani. Kina mama wengine walikuwa wameshaacha kuimba. Mmoja alikuwa analia, bila kelele, kama mtu anayeijua njia.

Bakili hakujua kilichomwinua. Alijikuta amembeba mtoto, yuko katikati ya barabara, anasimamisha teksi kwa kuitukana. Ndani ya teksi Zamda alikuwa mapajani mwake, amemuuma mkono wa suti, na Siwema alikuwa anamkanda miguu huku anaongea, si na Bakili hasa, ila ilibidi aongee.

"Ni ndani ya mifupa. Kama kuna mtu anasaga humo. Anasaga anapotaka yeye, saa anayotaka yeye. Alikuwapo kaka yake. Wakasema nimeolewa na mkosi, wakasema kuna bibi anamla mtoto, tukazunguka kwa waganga mpaka akaisha. Huyu ndiye aliyepimwa damu. Huyu ndiye nimeambiwa jina."

Bakili alitazama nje.

Hospitali walimtundikia Zamda dripu na kumchoma sindano, na baada ya muda alilala. Bakili alilipa teksi kwa fedha ya kishika nafasi ya Girish, na akajihakikishia kwamba hiyo ni gharama ya biashara. Alikuwa na hasira, hasa kwa sababu ya suti. Siwema alimfuata mpaka mlangoni.

"Ile ruzuku ipo kweli?"

"Ipo. Ilitangazwa redioni. Wanataka nyumba, wagonjwa na michango." Alikuwa amechoka, na mtu akichoka anasema kweli bila kukusudia.

"Na michango ipo?"

"Itakuwapo Jumamosi."

"Basi sawa," alisema Siwema, akarudi wodini. Mtu mwenye kazi ya Bakili alipaswa kuisikiliza ile "basi sawa" kwa makini. Yeye alikuwa anaangalia alama za meno kwenye mkono wa suti.

Jumamosi Mtaa wa Mkunguni ulipambwa kwa makuti kama wa kumpokea rais. Girish alifika na Jasvanti, ambaye hakualikwa. Shomari alivaa kanzu na juu yake koti, ili apate baraka za pande zote. Watoto walikaa mkekani, Zamda akiwa ameegemea ukuta, mnyonge lakini mdomo umerudi kazini. Katikati ya chumba palikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli la dukani kwa Girish, na mabunda yalipoingia humo, moja la Shomari na moja la Girish, Bakili aliyasindikiza kwa macho kama mzazi anayempeleka mwanawe shule ya bweni.

Nje kukasikika gari. Bakili alichungulia, akaona Land Rover ya namba za serikali. Moyo wake ulijaa fahari. Nassibu, mshenzi yule, Land Rover ameitoa wapi?

Aliyeshuka hakuwa Nassibu. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mizito, viatu vya kazi na mkoba uliochakaa, akifuatana na muuguzi.

"Ndugu mwenyekiti Bakili? Naitwa Candida, natoka wizarani. Mama Zamda alikuja ofisini kutueleza habari zenu. Tulimwuliza daktari wa wodi, akasema ni kweli, mwenyekiti alimbeba mtoto kwa mikono yake. Vikundi vingi vinatuletea barua tu. Hatujawahi kuona mwenyekiti anayebeba."

Bakili alimtazama Siwema. Siwema alikuwa anamfunga mtoto wa mwenzie kifungo cha shati, shughuli iliyohitaji utulivu mkubwa.

Candida hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Aliinama mkekani, akafunua macho ya watoto, akapapasa matumbo, akauliza maji ya kunywa yako wapi, vyandarua viko wapi, dawa ya malaria wanapewa lini. Bakili alijibu kwamba mambo yote yako katika hatua. Candida akauliza hatua gani. Bakili akasema za mwanzo.

"Na mtoto akishikwa na maumivu hapa, mnafanyaje?"

Bakili alifungua mdomo, lakini Zamda alikuwa na mdomo mwepesi zaidi. "Mwenyekiti anapiga makofi," alisema.

Candida aliinua kichwa kutoka mkekani.

"Halafu ananibeba."

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha Nassibu alipoingia. Aliingia kitambi mbele, na mkoba mweusi wa kuazima, na bila kutazama kushoto wala kulia akanguruma, "Ndugu wananchi! Mimi ni ofisa kutoka wizarani!"

"Idara gani?" aliuliza Candida.

Nassibu alimtazama Bakili. Bakili alitazama dari.

"Idara... ya karibu tu."

"Mimi natoka Wizara ya Afya, na sijawahi kukuona."

"Ah! Afya!" Nassibu alicheka kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. "Mimi ni wizara nyingine, mama. Ya... Maji."

"Afadhali!" alisema Candida, na uso wake ukang'aa. "Nilikuwa nasema sasa hivi, nyumba hii haina bomba, na hawa watoto lazima wanywe maji mengi kila siku. Mnaleta bomba lini?"

"Hivi karibuni."

"Lini?"

"Ngoja niende nikaliangalie," alisema Nassibu, akatoka kinyumenyume. Alionekana mara ya mwisho anakata kona ya Mtaa wa Sikukuu kwa mwendo ambao si wa watumishi wa serikali.

Shomari, ambaye hakuelewa lolote ila aliona maofisa wawili kwa bei ya mmoja, alilisogeza sanduku mbele. "Na hii, mama, ni michango yetu wananchi."

Bakili aliruka. Saa yake ilikuwa imefika, au mabaki yake. "Kwa utaratibu," alisema kwa ile sauti ya mkutanoni, "sanduku linachukuliwa na mwenyekiti kwenda wizarani, likapigwe muhuri."

"Wizara haipokei michango ya watu," alisema Candida. "Fedha ni ya kikundi, inakaa benki kwa jina la kikundi, na sisi tunaongezea juu yake. Mweka hazina wenu ni nani?"

"Ni mimi pia."

"Mwenyekiti hawezi kuwa mweka hazina, ndugu."

"Siwema!" walisema kina mama, kwa pamoja na kwa haraka ya watu waliofanya mazoezi ya kitu kingine mbali na wimbo.

Girish alinyoosha kidole. Alikuwa anatoka jasho. "Samahani, mama. Na kile kibali cha kuagiza blanketi na sukari?"

"Kibali gani? Blanketi na sukari mtachukua kampuni ya biashara ya mkoa, kwa hesabu ya watoto waliopo. Wewe ulitaka kuagiza kwa ajili ya nani?"

Mtaa mzima, uliokuwa umejaa dirishani, ulimgeukia Girish. Zilikuwa siku ambazo swali kama hilo likiulizwa na mtu wa serikali lilihitaji jibu fupi. Jasvanti alimkanyaga mumewe mguu, kwa nguvu ya ndoa ya miaka mingi.

"Kwa ajili ya watoto," alisema Girish.

"Vizuri sana. Naona kikundi hiki kina watu."

Siwema alikuwa amesimama mbele ya Bakili, kiganja wazi. Bakili angeweza kupiga kelele. Angeweza kusema fedha hizi si za watoto, ni zangu, nimezitafuta kwa jasho la ulimi wangu. Alizifikiria sentensi hizo moja moja na kila moja iliishia kituo cha polisi. Akautoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja. Watu wakapiga makofi. Candida alimshika mkono, na Land Rover ikaondoka na sanduku, Siwema na wenzake wawili kuelekea benki kabla haijafungwa.

Bakili alimkuta Nassibu Magogoni, amejibanza nyuma ya wauza samaki.

"Sanduku liko wapi?"

"Limekwenda benki."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Nassibu alilia kidogo. Kivuko kilikuwa kinapakia, nao walikuwa wameshakanyaga mlango wake waliposikia honi. Peugeot la Girish, lililokuwa linamtafuta Bakili tangu Mkunguni, lilikuwa linakuja kwa kasi ambayo halijawahi kuombwa, na Shomari ametoa kichwa dirishani, kanzu inapepea.

"Huyo! Mshikeni huyo mwenyekiti!"

Nassibu aliruka ndani ya kivuko akatokomea kati ya baiskeli na mitenga. Bakili alirukia hewa. Shomari alikuwa ameshamkamata ukosi.

"Unakwenda kufungua tawi Kigamboni!" alifoka balozi. "Na kina nani? Sema! Umewapata matajiri wa huko, sisi unatuacha?"

"Mnataka kibali mkitumie peke yenu," alisema Girish kwa uchungu wa kweli. "Nilijua. Yule mama hakuweza kukitaja mbele za watu, lakini alinitazama kwa namna."

Wakamrudisha Mkunguni, amekaa nyuma ya gari katikati ya viti kama gunia la thamani. Njia nzima walimbembeleza na kumtishia kwa zamu. Walipofika, mtaa ulikuwa bado haujatawanyika, na Siwema alikuwa amesharudi kutoka benki na sanduku tupu kwapani. Bakili alishuka, akapanda kwenye kibaraza, na akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika maisha yake ya utu uzima.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi ni tapeli."

Watu wakasogea karibu na kibaraza.

"Kibali hakipo. Hakijawahi kuwapo. Yule wa Maji si wa Maji, ni Nassibu wa Narung'ombe. Nilitaka kuchukua fedha zenu nikimbie. Ugonjwa wenyewe nilikuwa siujui. Naapa, mbele yenu na mbele ya Mungu."

Uso wa Shomari ukaanza kufunguka taratibu, na akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mnamsikia?" aliwaambia watu. "Kimeshatoka! Kibali kimeshatoka, ndiyo maana anataka tujitoe! Tapeli gani anatumiwa Land Rover ya serikali?"

"Tapeli gani anasema yeye ni tapeli?" alisema Girish, na hoja hiyo ikawaingia wengi.

"Naapa!" alipiga kelele Bakili. Sauti ilimpasuka. Alikuwa amewauzia watu mto na msiba wakanunua, na sasa alikuwa anagawa ukweli bure hakuna anayeutaka. Jasvanti pekee alimsogelea, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mimi nakuamini. Tangu ile siku ya kwanza." Kisha akavua bangili moja ya dhahabu, akaidumbukiza kwenye sanduku la Siwema, huku mumewe ametazama upande mwingine.

Watu walipopungua, Bakili alikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Siwema alikaa pembeni yake.

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Ulisema watoto wasicheke. Mtu anayewajua watoto hawa hawezi kusema hivyo."

"Sasa kwa nini hukuniripoti polisi?"

"Polisi wangelichukua sanduku, liwe ushahidi," alisema Siwema. "Jumatatu uvae hiyo suti. Twende kampuni ya mkoa tukachukue maziwa. Watatuambia hayapo."

"Hayapo kweli, mama."

"Yapo. Mimi nitawaambia yapo, watanifukuza. Wewe utawaambia, watakupa."

Bakili alitaka kukataa. Alikuwa anaitafuta sababu nzuri, lakini kabla hajaipata, mtu mmoja mwenye shati la mikono mirefu, fundi viatu tajiri wa Mtaa wa Mchikichi, alikuwa amekuja kusimama mbele yake, anatazama huku na huku.

"Ndugu mwenyekiti," alinong'ona, "nasikia kuna kibali."

"Hakuna kibali," alisema Bakili.

"Sawasawa. Hakuna." Mtu yule alikonyeza, akamsukumia bunda zito la noti lililofungwa kwa mpira, akalikandamiza mkononi mwake. "Mimi sijasema kitu."

Bunda lilikuwa na joto la mfukoni. Bakili alilipima uzito kwa vidole, vidole vya tapeli aliyebobea, na kwa kipindi kifupi aliona barabara yote ya kusini, iliyo wazi na isiyo na mtu. Chini ya mkono wake pakasikika mlio wa bawaba. Siwema alikuwa amelifungua sanduku, amelishikilia palepale, hana haraka, anamtazama mgeni.

"Karibu sana kwenye kikundi," alimwambia.

Bakili akaliachia bunda, likadondoka sandukuni.